RTL-SDR Blog V3: kipokezi cha kuchunguza masafa ya TV, na kinapoishia

Anayetaka kujua chaneli zipi za televisheni ziko wazi eneo lake, ili azipange kwa intaneti ya vijijini kama ilivyojaribiwa Laikipia kuanzia 2013, aanze na kipokezi hiki kidogo cha redio, kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta. Ndani mna chipu ya RTL2832U na tyuna (sehemu inayochagua masafa) ya R820T2, na kinapokea kuanzia karibu MHz 24 hadi 1,766. Oseleta yake ya TCXO, yaani saa ya ndani inayofidia mabadiliko ya joto, hukosea takriban sehemu 1 tu katika milioni. Vipokezi vya bei ya chini kabisa huhamahama masafa kadiri vinavyopata joto.

Bendi ya MHz 470 hadi 694 ina chaneli 28 za MHz 8. Kipokezi huona MHz 2.4 hivi kwa mara moja bila kudondosha sampuli (vipimo vya mawimbi vinavyotumwa kwa kompyuta), kwa hiyo programu ya rtl_power huipitia bendi kipande kwa kipande:

rtl_power -f 470M:694M:25k -c 20% -g 40 -i 10 -e 1h tv.csv

Usisahau -g. Ukuzaji ukiachwa ujirekebishe wenyewe, vipimo vya saa mbili tofauti havilinganishiki. Ile -c hukata kingo za kila kipande, ambako kichujio hudhoofisha mawimbi. Acha kipokezi kipate joto kwanza, kisha ondoa antena, funga mahali pake kizibo cha omu 50 na upime tena. Kinachobaki kwenye grafu ni uchafu wa kipokezi chenyewe: oseleta ya MHz 28.8 huacha alama kwenye 489.6, 518.4, 547.2 na kuendelea hadi 691.2. Asiyelijua hili ataandika kuwa chaneli ya 23 ina mtu. Karibu na mnara wa redio ya FM, weka kichujio kinachozuia MHz 88 hadi 108, maana kipokezi hiki cha biti 8 hulemewa upesi. Na namba zinazotoka si dBm (desibeli dhidi ya miliwati 1) mpaka uzilinganishe na chanzo cha nguvu inayojulikana.

Pale kinaposhindwa ni kutangaza kwamba chaneli ni tupu. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilitaka vifaa vinavyotumia chaneli tupu vitambue televisheni ya dijitali hata kwenye dBm -114. Kelele ya joto katika chaneli yao ya MHz 6 ni karibu -106. Ongeza dB 6 za kelele ya kipokezi, unafika -100. Kwa hiyo mawimbi ya televisheni ya -114 yamo dB 14 chini ya kelele. Kupima nishati pekee hakufiki huko kabisa: ukiwa na shaka ya dB 1 juu ya kiwango cha kelele, chochote kilicho chini yake kwa zaidi ya dB 3.3 hakitambuliki, hata upime mwaka mzima. Mwaka 2010 FCC iliacha kudai usikilizaji huo kwa vifaa vinavyouliza hifadhidata chaneli zipi ziko wazi mahali vilipo, na ilikuwa sahihi.

Kwa televisheni ya dijitali ya DVB-T2 iliyo katika hali ya 32K kuna njia bora. Rekodi sampuli 2,285,714 kwa sekunde, kisha linganisha mkondo na nakala yake iliyocheleweshwa kwa sampuli 8,192. Kila simboli (kifungu kimoja cha data) hurudia mkia wake mwanzoni, na marudio hayo kelele haina. Wastani wa simboli nyingi huibua mawimbi ambayo grafu ya nguvu haionyeshi. Antena iwe juu ya paa; ya mezani itaita tupu chaneli ambayo jirani anaitazama.

V4, toleo linalofuata la kipokezi hiki, haiongezi mengi kwenye bendi hii, maboresho yake makubwa ni ya masafa mafupi. Kwa 5G ya GHz 3.5 utahitaji kifaa kingine, ADALM-PLUTO, kinachofika MHz 3,800 kwa biti 12.