Vichangamshi vya mazoezi: kipi ununue ili mwili usizoee

Mtu akisema unga wake wa kabla ya mazoezi (kinywaji cha unga chenye kafeini) "haumshiki tena", dawa si kutafuta unga mkali zaidi. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho na kukuletea uchovu. Ukivikaba vipokezi hivyo kila siku, mwili hujirekebisha, na dozi iliyokuwa ikikupa nguvu inabaki kukuondolea uzito wa asubuhi tu. Kwa hiyo tumezipanga bidhaa hizi kwa kigezo kimoja: je, unaweza kujua umemeza miligramu ngapi, kuzipunguza, na kuziruka kabisa siku usizozihitaji?

1. Vidonge vya kafeini vya miligramu 100

Hakuna kinachovishinda. Chagua vyenye mstari wa kukatia katikati. Dozi inayojulikana kusaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, ingawa wengi huona tofauti hata kwa 2. Mwenye kilo 70 aanze na kidonge kimoja, apande hadi viwili ikibidi. Ukifika miligramu 9 kwa kilo huongezi nguvu. Unaongeza mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na tumbo kuchafuka. Meza dakika 45 hadi 60 kabla ya kuanza, siku mbili au tatu tu kwa wiki, zile za kazi nzito. Siku ya mazoezi mepesi usiguse.

Kosa la kawaida ni kumeza kidonge juu ya kahawa ya asubuhi na soda ya mchana bila kujumlisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, jumla ya siku isizidi miligramu 400, na 200 kwa mkupuo mmoja ni kiwango salama kwa wengi.

2. Unga usio na kichangamshi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Beta-alanini, asidi ya amino inayosaidia misuli kuchelewa kuchoka, hufanya kazi kwa kujikusanya kwenye misuli kwa wiki kadhaa, kwa hiyo lazima uitumie kila siku, gramu 3.2 au zaidi. Kreatini, inayosaidia misuli kutoa nguvu za haraka, nayo ni hivyo hivyo, gramu 3 hadi 5 kila siku. Vikichanganywa na kafeini kwenye kopo moja, unalazimika kuchagua: unywe kafeini kila siku mpaka uwe sugu, au uruke siku na kuvikosa vile vinavyotaka mfululizo. Nunua kila kimoja kwa kopo lake. Ule mwasho wa ngozi usoni na mikononi unatokana na beta-alanini na si ishara kwamba kafeini imeanza kazi. Ukikukera, gawa dozi mara mbili. Kama pesa inatosha kopo moja tu, chukua kreatini.

3. Kahawa

Inafanya kazi vizuri, ila kafeini hubadilika kwa aina ya buni, kiasi cha unga na namna ya kuandaa. Pima unga kwa mizani, gramu zile zile, chapa ile ile. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba watu huinywa kwa mazoea, na siku ya kupumzika haipo.

4. Unga wenye kafeini

Ununue tu kama lebo inataja kiasi cha kila kiambato, na kafeini haizidi miligramu 200 kwa kipimo. Viambato hujitenga kopo likikaa, basi litikise kabla ya kuchota, na upime kwa mizani badala ya kijiko. Wanaoshindana na kupimwa dawa watafute alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, zinazoonyesha bidhaa imepimwa kama ina dawa zilizokatazwa michezoni.

5. Bigijii ya kafeini na vinywaji vya kuongeza nguvu

Bigijii huingia damuni haraka kuliko kidonge na hufaa mashindano. Vinywaji vya kopo tumeviweka mwisho: ni ghali kwa kila miligramu, na vingi vimejaa sukari.

Usinunue kabisa

Kafeini tupu ya unga: kijiko kimoja cha chai hubeba takriban miligramu 3,200, na kosa dogo la kupima linaweza kuua. Epuka pia "mchanganyiko maalumu" unaoficha vipimo, yohimbini, kichangamshi kinachopandisha presha na wasiwasi, na chochote chenye DMAA, kichangamshi kilichokatazwa michezoni. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba aongee na daktari kwanza.

Saa na kupunguza

Mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua muda mrefu zaidi. Ukimeza miligramu 200 saa 11 jioni, saa 4 usiku unaingia kitandani na karibu 100 damuni. Usingizi unapungua, kesho unaongeza dozi, na uchovu unazidi. Wanaofanya mazoezi jioni wabaki na bidhaa ya nafasi ya pili.

Aliyekwisha kuwa sugu asikate ghafla. Maumivu ya kichwa huanza saa 12 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho na yanaweza kudumu hadi siku 9. Punguza miligramu 50 kila baada ya siku mbili au tatu hadi sifuri, ukipanga mwisho wake uangukie wiki ya mazoezi mepesi, kisha urudi na kidonge kimoja cha 100.