Spotify: msikilizaji utaipenda, msanii usiye na lebo jipange

Kwa kusikiliza tu sina neno. Toka wameingia Tanzania na Kenya 2021 pleilisti zao ziko poa, singeli ipo, taarab ipo, ukishadownload unasikiliza kwenye daladala bila kugusa bando. Nyota 4.

Sasa njoo kwa mwenye mzigo, maana mi namsimamia dogo anayejirekodia geto. Watu wanadhani kila plei ina bei yake, hamna, hela za matangazo na za malipo ya mwezi zinakusanywa, kama theluthi mbili inaenda kwa wenye haki na kila mtu anapata kulingana na plei zake kwenye plei zote. Hapo sawa. Ila lebo kubwa hazikukaa kusubiri mgao, mkataba wa lebo ya Sony na Spotify wa 2011 uliovuja 2015 ulionyesha advansi, yaani hela ya kutanguliziwa, ya hadi dola milioni 42.5 kwa miaka 3, alafu na kipengele kabisa kwamba lebo nyingine ikipewa dili nono zaidi basi na Sony anapandishiwa. Bado hisa za Spotify, nazo walipata! Lebo ndogo zikajikusanya Merlin wawapigie dili kwa pamoja, safi, lakini dogo wangu anapitia kwa distribyuta tu, yaani kampuni ya kukupandishia nyimbo, na majadiliano yake yote ni kale kaboksi ka "nakubali", unatiki saa sita usiku umemaliza.

Kinachoniuma zaidi ni hii ya 2024, wimbo usipofikisha plei 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Plei 990 ni sifuri, na hela yenyewe wanagawana waliofika. Mtaniambia ni vijisenti, ndio ni vijisenti, ila si vyake?

Na Discovery Mode, huduma yao ya kusukuma nyimbo, unataka usukumwe kwenye redio ya humo ndani ya app na otoplei (nyimbo zinazojipiga zenyewe ulizochagua zikiisha), hulipi kitu mwanzo lakini wanakata 30% ya mrabaha wa plei za huko. Mwenye advansi anaita gharama za promo, sisi hiyo ndo hela ya studio.

App yao ya wasanii naipa heshima lakini, inakuonyesha hadi mji, dogo kakuta ana watu Muscat wakati hapa mtaani hawamjui.

Kwa msanii huru 2 kati ya 5. Weka nyimbo, chukua hizo data kamuonyeshe promota, kodi ya nyumba tafuta kwenye shoo.