Mafungo ya kimya ya siku nane: tathmini ya mtu aliyekwenda na mashaka yake

Huduma ninayoitathmini hapa ni mafungo ya kimya ya siku nane yanayofuata Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yanayotolewa na nyumba moja ya watawa katika Nyanda za Juu Kusini kwa watu wanaotaka kung'amua wito wao. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu nina lawama nitakayoitoa huko mbele, na pia kwa sababu mafungo ya namna hii hutolewa kwa sura inayofanana katika nyumba nyingi, hivyo vipimo nilivyotumia vinaweza kumsaidia msomaji popote atakapokwenda. Nilikwenda nikiwa mhasibu wa saccos ambaye paroko wake alimwomba aache kazi akasomee ukatekista, na ambaye kwa muda mrefu hakuweza kujibu ndiyo wala hapana.

Kila aliyekulia parokia ya kijijini anajua katekista ni nani: ndiye anayewafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, anayeongoza ibada ya Jumapili kigangoni padre asipofika, anayezika, na anayegongewa mlango usiku mgonjwa anapozidiwa. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista kuwa huduma ya walei katika Kanisa, jambo lililowapa makatekista heshima waliyoistahili siku nyingi, ila heshima hiyo haikuja na mshahara, na mtu mwenye watoto shuleni ana haki ya kulitazama hilo bila kuitwa mwenye imani haba.

Kipeperushi cha mafungo, nilichokikuta kimebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, kiliahidi kwamba mshiriki "atatoka na uhakika kamili juu ya mapenzi ya Mungu katika maisha yake". Ahadi hiyo si ya kweli, na aliyeiandika anapaswa kuifuta kabla hajachapisha vingine. Kinachotolewa pale ndani si uhakika bali ni namna ya kuamua na kutembea uhakika ukiwa haupo, na kwa maoni yangu hicho kina thamani kubwa kuliko kile kilichoahidiwa, lakini anayelipa anastahili kuambiwa mapema analipia nini.

Mazingira niyapitie haraka. Chumba ni kidogo na safi, kina meza, kiti, taa ya kusomea na mablanketi mawili ambayo yote utayahitaji, maana baridi ya huko si ya kujaribiwa na mtu wa Dar es Salaam asiye na sweta. Chakula ni cha kawaida na kinashibisha: uji wa ulezi asubuhi, ugali au viazi na maharage mchana, na parachichi kila siku bila ubahili. Simu huwekwa kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako, ikafungiwa kabatini hadi siku ya kuondoka, na dharura za nyumbani hupitia namba ya mapokezi. Ada ya malazi na chakula hailingani na hoteli, inakaribia zaidi nyumba ya wageni ya wastani mjini, na sadaka ya msindikizaji, yaani anayekuongoza katika sala siku zote hizo, haipangiwi kiasi. Kula kimya mezani na watu usiowajua kunachosha siku ya kwanza, kisha mtu anazoea na pengine hata kupenda.

Uzito wa huduma hii uko kwenye ratiba ya sala na kwa msindikizaji. Mshiriki husali peke yake vipindi vinne au vitano kwa siku, kila kipindi saa nzima, na mara moja kwa siku hukutana na msindikizaji wake kueleza kilichotokea moyoni wakati wa sala. Wangu alikuwa sista mzee ambaye hakuwa na haraka wala maneno mengi. Hakunihubiria hata mara moja. Mwisho wa kila kikao alinipa kipande cha karatasi kilichokatwa kutoka daftari la shule, kimeandikwa kwa penseli sura na aya tu, bila maelezo, na nilipomwomba anifafanulie alisema nikasome kwanza. Baadaye niligundua kwamba huo haukuwa uchache wa maarifa. Maelekezo ya utangulizi ya kitabu chenyewe yanamtaka anayeongoza aeleze kwa ufupi, kwa hoja kwamba mtu hufaidika zaidi na kile alichokigundua na kukionja mwenyewe kuliko wingi wa mambo aliyofundishwa.

Karatasi ya mwanzo ilinipeleka kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya tatu na ya nne, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ada yangu haikupotea. Musa mbele ya kijiti kinachowaka anatoa pingamizi moja baada ya jingine: yeye ni nani hata aende kwa Farao, ajibu nini akiulizwa jina la aliyemtuma, itakuwaje wasipomwamini, mbona ulimi wake ni mzito, na mwishowe anaomba atumwe mtu mwingine. Mungu anayajibu yale manne ya kwanza kwa uvumilivu, na hasira yake inawaka kwa lile la tano tu, ambalo si swali tena bali ni kukataa. Na hata hapo anampa Haruni wa kumsaidia. Lililonikalisha muda mrefu zaidi ni ile dalili ambayo Musa anapewa kuthibitisha kwamba ametumwa, yaani kwamba atakapokuwa amekwisha kuwatoa watu Misri, watamwabudu Mungu katika mlima ule ule. Dalili inakuja baada ya kazi kufanyika. Mimi nilikuwa nikiisubiri kabla sijatia saini barua ya kuacha kazi, na kwa kipimo hicho ningesubiri hadi kustaafu.

Nilipomweleza sista kwamba sijui kama Mungu ananiita kweli, na tena sijui tutaishije bila mshahara, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo mawili. La kwanza mwulize Mungu. La pili, ulimwuliza mke wako?" Nilikuwa sijamwuliza kwa uwazi kama huo. Niliporudi nyumbani tulikaa na kalamu na daftari, tukahesabu shamba linatoa nini, ada za shule zinakwenda wapi, na cherehani yake inaingiza kiasi gani kwa mwezi, na sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nikikiita mashaka ya kiroho ikaonekana kuwa ni bajeti ambayo haijaandikwa. Sehemu iliyobaki haikuwa bajeti.

Kuhusu sehemu hiyo iliyobaki, mafungo yanatoa kifaa ambacho sijakikuta katika semina yoyote ya wito niliyowahi kuhudhuria, nazo si chache. Ignasi hakuwa mtu aliyezaliwa na imani tulivu. Alikuwa askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwezi Mei 1521, na akiwa kitandani alianza kuchunguza kwamba ndoto za sifa za kivita zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, ilhali mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyodumu. Mwaka uliofuata huko Manresa alisongwa na wasiwasi wa dhamiri kiasi cha kujaribiwa kujiua. Kanuni zake za kupambanua mienendo ya roho zilitokana na mapito hayo, na kitabu kilichozibeba kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Kanuni ya tano katika kundi la kwanza inasema kwamba wakati wa ukiwa, yaani roho inapokuwa nzito, kavu na isiyo na matumaini, mtu asibadili uamuzi aliouchukua kabla ya hali hiyo, bali asimame palepale alipokuwa. Haimwambii ajifanye hana mashaka, wala haimwambii kwamba mashaka ni dhambi. Inamwambia asiyape mashaka kalamu ya kutia saini. Na kanuni ya tisa inataja sababu tatu za ukiwa, ambazo ni uzembe wetu katika sala, kupimwa tutatumikaje bila malipo ya faraja, na kufundishwa kwamba faraja ni zawadi na wala si matunda ya juhudi zetu, ili anayepita humo asikimbilie kudhani kwamba ukavu ni ushahidi wa kutoitwa. Teresa wa Kalkuta, ambaye barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha miaka mingi ya giza la ndani huku akiendelea na kazi, ni mfano ambao sista aliutaja mara moja tu na kuuacha, nami nauacha vivyo hivyo.

Kwa wale ambao hawapati hisia zozote, si furaha wala ukavu, njia ipo pia, na niliipenda kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu. Unachukua karatasi, unaandika faida na hasara za kukubali, kisha faida na hasara za kukataa, ukizipima zote kwa sifa ya Mungu na wokovu wa roho yako, wala si kwa starehe. Unajiuliza pia ungemshauri nini mtu usiyemfahamu kabisa aliye katika hali kama yako, na ungependa uwe umeamua nini siku utakapokuwa kitandani unakufa. Uamuzi unaopatikana hupelekwa mbele ya Mungu katika sala, naye akiombwa aupokee na kuuthibitisha. Ni kazi ya akili timamu kabisa, na inawafaa Wakristo waliochoka kuambiwa wasubiri sauti.

Sasa lawama. Jioni ya siku ya sita tulikusanywa kanisani, na mhubiri mgeni, ambaye si msindikizaji wa yeyote kati yetu, akatoa mada kali juu ya wanaomnyima Mungu jibu, kisha akatutaka kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi na kuupeleka mbele ya altare usiku ule ule. Vijana wawili waliokuwa wakifikiria utawa walitoka wakilia. Huenda nia ilikuwa njema, lakini kitendo hicho kilikwenda kinyume na kitabu ambacho mafungo yenyewe yamejengwa juu yake, kwani elekezo la kumi na nne linamwonya kiongozi asimruhusu mtu aliyejaa hamasa kutoa ahadi au nadhiri ya haraka, na la kumi na tano linamkataza kumvuta mshiriki kuelekea aina moja ya maisha kuliko nyingine, likimtaka akae katikati kama ulimi wa mizani na kumwacha Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Sista aliponiona kesho yake aliniuliza kama niliandika. Nilimjibu kwamba nilipeleka karatasi tupu. Hakunipongeza wala kunikaripia. Alinipa karatasi nyingine ya penseli.

Upungufu wa pili ni kwamba huduma inakatika ghafla. Siku ya kuondoka unapewa baraka na bahasha yako ya simu, basi. Mtu aliyetoka kuamua jambo zito anakuwa kwenye siti ya basi la mkoa akisoma ujumbe mia wa magrupu ya WhatsApp, na hakuna aliyemwelekeza atafute msindikizaji gani kwao. Nyumba ingeweza kuandaa orodha ya mapadre, watawa na walei waliofundwa kwa kazi hiyo katika kila jimbo, na hilo lisingeongeza gharama ya kutisha.

Niliacha kazi, nami sasa ni mwanafunzi wa ukatekista. Mashaka hayajaisha, na wiki ambazo posho inachelewa huwa yanasema kwa sauti ya juu. Tofauti ni kwamba nayatambua yanapoingia, najua yanapenda kuja saa ngapi, na sifanyi nayo mkutano usiku.

Ninaipendekeza huduma hii kwa mtu ambaye tayari ana swali mahususi, awe anafikiria utawa, upadre, ndoa, au kurudi kijijini kutumika, na ambaye yuko tayari kukaa kimya. Hainifai kuipendekeza kwa aliyefiwa juzi, wala kwa mwenye sonona ambayo haijatibiwa, kwa kuwa kimya kirefu kinaweza kumzidishia, na mtu wa hivyo anahitaji hospitali na jamaa zake kwanza. Asiye na nafasi ya kuacha kazi siku nane aulize kama nyumba inatoa mazoezi ya maisha ya kila siku, ambayo mtu huyafanya kwa miezi kadhaa akiwa nyumbani kwake na kukutana na msindikizaji kwa vipindi. Ignasi mwenyewe aliyaruhusu katika elekezo la kumi na tisa kwa ajili ya wenye shughuli nyingi.

Kabla ya kutuma pesa, piga simu uulize kama utakuwa na msindikizaji mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama atakusikiliza kila siku, na kama kuna jioni ya kutoa maamuzi hadharani. Ukijibiwa kwa fahari kwamba washiriki wote huondoka wakiwa wameamua, tafuta nyumba nyingine.