Santuri za andagraundi na sinema za eksploitesheni: ununue lipi kwanza

Anayeanza kukusanya santuri za bendi za andagraundi, au zile sinema za bajeti ndogo za damu, ngumi na pikipiki ambazo wapenzi wake wachache hawaziachi, karibu kila mtu humwambia atafute chapa ya kwanza, yaani nakala iliyotoka kazi ilipotolewa mara ya kwanza. Mimi siafiki. Kwenye orodha hii chapa ya kwanza imeshika nafasi ya nne.

Nimepanga kwa maswali mawili. Sauti au picha hii imetoka kwenye chanzo gani? Na aliyepiga muziki huo, au aliyeinusuru filamu hiyo isiozee stoo, anapata chochote? Kwa wasanii wa kampuni kubwa maswali haya hayamsumbui mnunuzi. Huku yanasumbua, kwa sababu kazi nyingi zilitolewa kwa mtaji wa kuungaunga, wanamuziki wengi hawakuona hata senti, na filamu zilizungushwa kwenye kumbi mpaka zikachanika, kisha zikatupwa.

Nafasi ya kwanza: toleo jipya lenye kibali

Chukua Death, bendi ya ndugu watatu wa ukoo wa Hackney kutoka Detroit, waliopiga roki ya kasi kabla panki haijapata umaarufu. Mwaka 1976 walijitolea wenyewe singo moja, nakala 500, ikapita kimya. Nyimbo walizorekodi studio mwaka 1975 zilikaa kwenye kanda kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka lebo ya Drag City ilipozitoa kama albamu mwaka 2009. Anayeisaka ile singo anapata nyimbo mbili kwa bei ya kutisha. Anayenunua albamu anapata nyimbo saba, na ndugu wawili waliobaki hai wanapata haki yao. David, aliyeianzisha bendi, alifariki mwaka 2000 bila kuliona hilo.

Zambia ina mfano mwingine. Bendi za Zamrock, yaani roki ya Kizambia ya miaka ya 1970, kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family, zilichapa santuri chache, na hizo chache zikapigwa kwenye sherehe mpaka zikakwisha. Zilizobaki huuzwa ghali mno, na nyingi zimekwaruzwa vibaya. Now-Again Records ya Marekani ilizirudisha sokoni kwa makubaliano na wenyewe, na Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, akarudi jukwaani na WITCH, akazunguka nchi nyingi mbele ya mashabiki ambao walikuwa hawajazaliwa alipoanza kuimba. Pesa ya mnunuzi imefanya kazi hapo. Chapa ya zamani ikinunuliwa kwenye mnada, Jagari hapati kitu.

Kulitambua toleo lenye kibali, geuza kava usome maandishi madogo. Lebo ya kweli hutaja nani alitoa kibali, mwaka gani, na mara nyingi fundi aliyeandaa sauti. Iliyo bora zaidi hutaja pia chanzo, na ndani huweka kijitabu chenye picha na mahojiano na wanamuziki. Ikiandika wazi kwamba kanda ya masta, yaani rekodi ya asili ya studio, ilipotea na sauti imechukuliwa kwenye santuri safi, usiikwepe. Huo ni uungwana. Inayokaa kimya kabisa kuhusu chanzo ndiyo ya kuirudisha rafuni. Usivutwe na maneno "gramu 180" wala rangi za plastiki. Uzito hauboreshi sauti iliyotoka kwenye faili mbovu, na santuri nyekundu yenye madoa ya dhahabu inaweza kuwa imenakiliwa kutoka CD.

Kwa filamu, nafasi hii inakwenda kwa Blu-ray za lebo ndogo zinazofanya ukarabati zenyewe: Vinegar Syndrome, Severin, Arrow, Grindhouse Releasing na wenzao. Vinegar Syndrome, iliyoanza mwaka 2012, imechukua jina lake kutoka kwenye ugonjwa wa filamu za asetati. Plastiki ikianza kuoza hutoa asidi ya asetiki, kopo likifunguliwa linanuka siki, na filamu hujikunja na kusinyaa. Ikifika hapo haiponi, inapunguzwa kasi tu kwa baridi. Kwa hiyo negativu, yaani ile filamu yenyewe iliyopita kwenye kamera, ya sinema ya karate au ya mazombi iliyosahaulika inahitaji mtu wa kuiskani mapema, na anayelipia kazi hiyo ni mnunuzi wa diski.

Tofauti ya chanzo inaonekana wazi kwenye Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Jina la filamu lilipobadilishwa kabla ya kuonyeshwa, tangazo la hakimiliki liliondoka pamoja na jina la zamani, na kwa sheria za Marekani za wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Kila mwenye mashine akaichapa. Ndiyo maana kuna lundo la DVD zake zenye picha ya ukungu, nakala ya nakala ya nakala, wakati lebo ya Criterion mwaka 2018 ilitoa diski ya ukarabati uliotoka kwenye negativu ya kamera. Kwenye negativu ile nyasi za makaburini zinahesabika. Kwenye DVD ya bei ya kutupa ni bonge jeusi. Jina la filamu kwenye kava ni lile lile.

Kabla ya kulipa angalia diski ni ya eneo gani la dunia. Diski za Blu-ray hugawanywa A, B na C: Marekani iko A, Ulaya na Afrika ziko B. Baadhi ya lebo za Marekani hufunga diski kwenye A, na mashine ya B itazikataa. Diski za 4K UHD hazina kufuli hilo. Hata hivyo sikuhimizi kuzikimbilia 4K kwa aina hii ya sinema. Baadhi zilipigwa kwa milimita 16 na taa chache, na Blu-ray nzuri tayari inakupa karibu kila kilichomo. Pesa inayobaki inunue filamu ya pili.

Kisha muziki wa filamu hizo, ambako mkusanyaji wa santuri na mkusanyaji wa sinema hukutana. Muziki wa filamu za blaksploitesheni, yaani eksploitesheni za Wamarekani Weusi, usiuogope hata kwa chapa za zamani, maana uliuzwa kwa wingi: albamu ya Curtis Mayfield ya Super Fly, ya mwaka 1972, ilishika namba moja Marekani, kwa hiyo nakala ziko nyingi na bei haijapaa. Santuri za maktaba za muziki kama KPM na De Wolfe za Uingereza ni kinyume chake. Hizo hazikupelekwa madukani. Zilitumwa kwa watayarishaji wa filamu, redio na televisheni, na chache zilinusurika. Huko toleo jipya ndilo la busara.

Nafasi ya pili: CD

Watu wanaidharau, nami nashukuru, kwa sababu ndiyo inayoshikilia bei chini. Toleo jipya lenye kibali likiwa na CD, mara nyingi sauti ni ile ile iliyoandaliwa kwa santuri, kijitabu ni kile kile, na nyimbo za ziada ni zaidi kwa kuwa nafasi ipo. Kwa mkusanyiko wa singo nyingi za lebo moja ndogo, kama zile Numero Group ya Chicago inazofanya tangu 2003, CD mbili hubeba kazi ambayo ingejaza santuri nne.

Tahadhari ni moja. CD zilizochapwa na kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, nyingi zina kasoro inayozigeuza rangi ya shaba kuanzia ukingoni, mpaka zinaacha kupiga. Lebo nyingi ndogo za Ulaya zilichapa huko. Ukiona uwekundu upande wa chini, iache.

Nafasi ya tatu: DVD za zamani

DVD inastahili pesa pale ambapo Blu-ray haipo, au iliyopo imeacha nyongeza zilizokuwa kwenye DVD. Something Weird Video, aliyoianzisha Mike Vraney mwaka 1990, ilikusanya sinema ambazo hakuna kampuni iliyozitaka, na DVD zake zilijazwa matangazo ya filamu, filamu fupi na picha ambazo hazijarudiwa kwingine. Zikipatikana, chukua.

Kuna pia filamu ambazo DVD ndiyo chanzo chenyewe. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, haina tena faili zake za asili. Iliyobaki ni ile ya DVD, na sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayetia utani filamu ikiendelea, imo humo humo juu ya milio ya risasi. Hakuna ukarabati utakaopita hapo, na sauti ya VJ ni nusu ya utamu.

Ukilinganisha matoleo, usikurupuke kwa dakika. Filamu ya dakika 90 ikiwekwa kwenye DVD ya mfumo wa televisheni wa PAL huendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, ikaisha kwa dakika 86 na ushee. Haijakatwa. Kwenye Blu-ray, dakika zikipungua ndipo uulize nani alikata nini. Jambo jingine la kuulizia mapema: katika baadhi ya sinema za Kiitalia za msituni za miaka ya 1970 na 1980 wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera. Matoleo mengine yana chaguo la kutazama bila vipande hivyo, na mimi huchagua hayo.

Nafasi ya nne: chapa ya kwanza

Sasa tumeifikia. Siidharau. Santuri ya zamani iliyochapwa vizuri kutoka kwenye kanda ikiwa bado mbichi inaweza kushinda kila kilichokuja baadaye, na zipo nyimbo nyingi ambazo hakuna aliyezirudia. Hapo nunua bila kusita. Ninachokataa ni kulipa pesa ya mwezi mzima kwa santuri yenye kelele wakati toleo safi lipo.

Wauzaji hutumia madaraja ya hali ya santuri ya Goldmine, kuanzia bora kabisa hadi mbovu: M, NM, VG+, VG, G na P. Kwa kusikiliza, ishia VG+. VG utaisikia ikipasukapasuka kwenye sehemu tulivu, na G itapiga bila kuruka lakini kelele zitashindana na wimbo. Kava hupewa daraja lake peke yake, kwa hiyo soma yote mawili.

Ukiwa nayo mkononi, itoe kwenye kava kwa kushika ukingo na lebo ya katikati, uilaze chini ya taa moja kali, kisha uinamishe polepole mwanga uteleze juu yake. Mikwaruzo ya nywele inayoonekana kwa pembe moja tu mara nyingi haisikiki. Pitisha ncha ya kidole juu ya mkwaruzo. Ukiushika kwa hisia, sindano nayo itaushika. Mng'ao wa kijivu kwenye mifereji ya nyimbo zenye kelele ni dalili ya sindano mbovu, na hakuna kuosha kutakakouondoa. Malizia kwenye ile duara tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, palipochongwa namba. Linganisha na zilizoandikwa kwenye tovuti ya Discogs, ambako kila chapa ina ukurasa wake. Kava linaweza kuwa la mwaka 1971 na santuri iliyo ndani ikawa ya miaka kumi baadaye.

Nafasi ya tano: kaseti na VHS

Kaseti inunue kwa bendi inayoishi. Metali kali, panki na kelele za majaribio bado hutoka kwa kaseti, nakala hamsini au mia, na pesa huenda moja kwa moja kwa waliopiga. Iliyotumika, chungulia kile kipande kidogo cha sponji au manyoya katikati ya mdomo wa kaseti. Kikiwa kimeanguka, sauti itafifia.

VHS ni ya mapenzi ya kava. Baada ya Uingereza kupitisha sheria ya ukaguzi wa video mwaka 1984, kanda zilizotoka kabla yake, hasa za filamu 72 zilizowahi kuwekwa kwenye orodha ya waendesha mashtaka, zimekuwa hazina kwa wakusanyaji. Michoro yake ni ya ajabu, lakini picha mara nyingi imekatwa pembeni ili iingie kwenye televisheni ya mraba. Tazama kwenye kidirisha cha kanda: ukiona unga mweupe kando ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiiingize kwenye mashine, maana itaambukiza kila kanda utakayoiweka baadaye.

Usinunue: nakala za magendo

Santuri isiyo na jina la lebo, au yenye lebo isiyo na anwani, kwa albamu inayojulikana kuwa adimu, karibu daima ni ya wizi. Mara nyingi sauti yake imetolewa kwenye faili la intaneti, na kava limepigwa picha juu ya kava, herufi zimevimba. DVD geuza: upande wa chini ukiwa wa zambarau au wa kijani, imechomwa nyumbani kwenye diski tupu, haikuchapwa kiwandani, na rangi hiyo hufifia na kuondoka na filamu. Ipo mizigo ambayo haipatikani kwa njia nyingine, najua. Kwa hiyo waandikie lebo ndogo uwaombe waitoe. Nyingi hujibu, na huuliza wateja wanataka nini.

Ukishanunua, kava za nje za plastiki laini ya PVC zitoe siku hiyo hiyo. Zikikaa miaka huacha ukungu kwenye santuri usiosafishika. Tumia za polithini. Zisimamishe wima, zisibanane wala kuegemeana. Na zile santuri nzito za shelaki za mizunguko 78 kamwe usizisafishe kwa spiriti, kwa sababu inaziyeyusha.