Nina stenti mbili kichwani, kijana wa dirishani ananifutia dawa

Nyota tano kwa walioniwekea hizi stenti, vijibomba vya wavu wa chuma ndani ya mshipa wa damu, sifuri kwa dirisha la dawa la hapa Tanga. Ila nisomeni hadi mwisho, huenda na hizo tano zikapungua. Kila nikikumbuka presha inapanda, na presha ndiyo kitu nilichokatazwa.

Mshipa mkubwa nyuma ya jicho la kushoto ulituna, ukafanya kifuko. Madaktari wanakiita anyurizimu. Kope ilikuwa imelegea, jicho haliwezi hata kufunguka sawasawa. Mdomo wa kifuko ni mpana, kwa hiyo zile koili za platinamu, nyuzi za kujazia kifuko, zingewekwa peke yake zingeteleza kurudi mshipani. Dar wakapitisha mrija kinenani ukapanda mpaka kichwani, fuvu halikuguswa. Wakatandaza floo daiveta, yaani stenti ya wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua. Kwenye kona ya mshipa wavu ukagoma kulala vizuri ukutani, wakaingiza stenti ya pili ndani yake iukandamize. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi nikaomba chai. Wallahi, kwa hilo nawavulia kofia.

Sasa, watu wanadhani ukishawekewa umepona. Siku ile kifuko bado kipo! Wavu unaisukuma damu ipite njia yake, ile iliyobaki kifukoni inazubaa na kuganda taratibu, na mshipa unaotesha ngozi mpya juu ya chuma. Ni miezi sita, mwaka, wengine zaidi. Muda wote huo chuma kiko uchi ndani ya damu, na damu ikikutana na chuma inataka kuganda. Ndiyo maana unameza aspirini na klopidogreli pamoja, kila siku. Ukikatisha kiholela stenti inaweza kuziba, na hapo ni kiharusi.

Basi nimetoka Makorora na bodaboda, jua la saa sita, foleni mpaka nje. Zamu yangu inafika, kijana kaweka spika ya simu sikio moja. Akakishika cheti changu kwa vidole viwili. "Mama, hizi ni dawa za moyo. Una moyo?" Nikamwambia, mwanangu, ni za kichwa, nina stenti kichwani. Akacheka. Akamwita na mwenzake aje asikie. "Stenti zinawekwa moyoni, mama." Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya klopidogreli, pembeni akaandika panado. Panado! "Hizi mbili pamoja zitakutoa damu."

Hapo hakudanganya, zinatoa. Mikono yangu ina madoa ya bluu utadhani nimepigwa, na mswaki naupitisha kwa adabu. Lakini hayo daktari aliyapima kabla hajaandika. Wewe wa dirishani umepima nini? Nikamwomba apige simu namba ya daktari aulize, akanijibu, "Mama, kuna watu nyuma yako." Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyenguruma: "Mrudishie mama cheti chake!"

Nilizipata kwenye duka dogo Ngamiani. Dada wa pale alisoma ile sehemu iliyokatwa, akaguna, akaniuliza swali moja tu: "Hujaruka dozi, mama?" Kwa hiyo si Tanga yote, nisiwaonee watu.

Na hizo tano za Dar? Nimeitoa tena ile barua ya kuruhusiwa. Kizungu cha kidaktari, vifupisho vitupu. Hakuna mahali palipoandikwa kwa Kiswahili kwamba mgonjwa huyu asikatishiwe dawa na yeyote. Ile namba ya daktari niliinyakua mwenyewe kwa nesi wakati natoka. Mnaweka vyuma viwili kwenye ubongo wa mtu, mnashindwa kumpa kikadi cha kuonyesha dirishani? Mimi nimesimama nikabisha. Bibi wa Pangani asiyejua kusoma angesema ahsante, akaondoka na panado. Tatu.

Haya, nne, maana kope imepanda na sasa natunga sindano mwenyewe. Kipimo cha angiogramu, picha ya mishipa ya damu, kinakuja, wakiniambia kifuko kimeziba nawarudishia ya tano. Yule wa kalamu nyekundu asisubiri chochote kutoka kwangu.