Kinenani au mkononi? Mimi nimepitishiwa kote kuwili

Mwaka jana niliwekewa koili za platini, yaani vijiwaya laini vya kujaza uvimbe, pale ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ilipofutuka kichwani. Walipitisha mpira mwembamba ndani ya ateri ya kinenani mpaka huko juu. Miezi sita baadaye walitaka kuona kama koili zimetulia, na safari hii daktari akasema, "Mama, tutapita mkononi." Wanaoniuliza ipi afadhali ni wengi, basi nieleze mara moja.

Ya kinenani sina ushahidi wa mezani, maana nililazwa usingizi. Balaa lilinikuta nilipoamka. Saa sita chali, mguu umenyooshwa kama ubao, marufuku kuukunja, marufuku hata kuinua kichwa. Haja ndogo kitandani, mbele ya watu. Mgongo uliniuma kuliko hicho kichwa chenyewe. Halafu paja likavilia damu, zambarau hadi karibu na goti, wiki mbili nzima.

Mkononi nilikuwa macho. Kwanza waliniwekea kidoleni kile kibanio cha kupima oksijeni, kisha nesi akaibana ateri ya upande wa gumba huku akitazama mawimbi kwenye skrini. Kiganja kina ateri mbili, na walitaka kujua kama ile ya upande wa kidole kidogo inaweza kukilisha peke yake. Wakaniuliza na habari za figo, kwa sababu mtu anayeelekea kwenye kusafishwa damu hushauriwa aitunze mishipa yake ya mkono.

Sindano ya ganzi si kitu. Tatizo ni dawa za kuulegeza mshipa. Daktari alivuta kwanza damu yangu mwenyewe ndani ya bomba la sindano akaichanganya nazo ili zisiunguze. Ziliunguza! Moto ulipanda kutoka kifundo hadi kiwiko, ukakaa kidogo, ukazima. Hilo hakuna aliyenitahadharisha, na ndilo ningependa kuambiwa mapema. Katikati ya kazi mshipa ukakaza, nikahisi mpira unavutwa ndani ya mfupa. Ateri yenyewe ina upana wa milimita 2 au 3 tu. Mimi ni fundi cherehani, najua uzi mnene kwenye tundu dogo unavyokataa. Daktari hakulazimisha. Alisimama, akaongeza dawa, akangoja mpaka mkono ukalegea.

Dawa ya picha, ile inayofanya mishipa ionekane kwenye eksirei, ilipoingia, nusu ya uso ilipata joto kama nimeinamia sufuria, kisha cheche nyuma ya macho. "Usimeze, usipumue, usitikisike." Jaribu kuambiwa usimeze, mate yanajaa hapo hapo.

Daktari huyu ni mtu wa maneno, akanisimulia kwamba njia ya mkononi wameirithi kwa madaktari wenzao wa moyo. Daktari Campeau wa Kanada ndiye aliyeieleza mwaka 1989. Na daktari Moniz kule Ureno, mwaka 1927, alipopata picha za kwanza za mishipa ya ubongo, dawa iliingizwa kwenye ateri ya shingo yenyewe. Niliposikia shingo, nikaacha kulalamika.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Niliketi papo hapo. Nikaenda msalani kwa miguu yangu, peke yangu, mlango nimefunga. Mkononi nilikuwa na mkanda wa plastiki wenye kifuko cha hewa kinachobana tundu, na hewa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo. Nesi mmoja mwenye haraka aliitoa yote kwa mkupuo, damu ikaruka mpaka kwenye shuka. Akairudisha mbio, tukaanza kungoja upya. Simtaji, lakini kama uko na mkanda huo, angalia sindano ya hewa inavutwa kiasi gani, na useme.

Kwangu mkono umeshinda, tena mbali, ila una deni lake: mkono wangu wa kulia ndio wa mkasi. Gumba lilikuwa zito wiki nzima, nguo za watu zikalala. Kwa ukaguzi ujao nimeomba watoboe mkono wa kushoto. Daktari hakukataa, alikunja uso tu, maana yeye husimama kulia kwa mgonjwa, na itambidi afanye kazi ameinama juu ya tumbo langu.