Magome ya kupandia okidi: angalia chenga kabla ya kutoa pesa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu anamwagilia mara moja kwa wiki, okidi yake iko karibu na dirisha lenye mwanga mzuri, jua kali haliifikii, na bado mizizi inaoza. Nikiuliza imepandwa kwenye nini, jibu ni lile lile: mchanganyiko wa okidi, ule wa mfuko wenye picha ya ua zuri. Basi kosa haliko kwenye maji. Watu hawa wameuziwa kitu kibovu, halafu wakaambiwa wamezidisha kumwagilia.

Kwamba okidi haipandwi kwenye udongo wa bustani, mmeshaambiwa na kila mtu. Habari za rangi ya chungu nazo naziacha. Ninachotaka tukizungumze ni chenga.

Mnunuzi wa mchele humimina kiganjani aone chenga kabla hajakubali bei. Magome ya okidi tunayanunua mfuko umefungwa, na hatuulizi. Wakati gome linakatwa, linapakiwa na kurundikwa ghalani, linavunjika. Vipande vidogo na unga hushuka chini ya mfuko. Sasa kumbuka okidi tunazofuga ndani ya nyumba, Phalaenopsis zikiwa mbele, kwao ni juu ya miti. Mizizi yake imefunikwa na velameni, tabaka jeupe linalofyonza maji ya mvua upesi kisha likakauka kwa upepo. Bila hewa mzizi huo hufa. Kila unapomwagilia, maji huzisukuma chenga chini, nazo huziba nafasi za hewa na kujikusanya katikati ya chungu. Ukigusa juu pakavu, unaongeza maji, kumbe chini ni tope. Isitoshe, kipande kidogo huliwa na kuvu na bakteria haraka kuliko kikubwa, kwa hiyo chenga huoza kwanza na kuzidi kuziba.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mifuko hii huuzwa kwa lita. Mfuko unaweza kuwa na lita zote zilizoandikwa, huku sehemu kubwa ya lita hizo ni takataka utakazozitupa ukiwa na akili, au zitakazoiua okidi yako usipojua. Tunalipia unga kwa bei ya gome.

Katika vitu vya kupandia okidi, nafasi ya kwanza naipa Orchiata, na sitaki kujifanya sina upande. Ni magome ya msonobari aina ya Pinus radiata kutoka New Zealand, yanayotengenezwa na Besgrow. Huachwa yakomae kwanza, na huongezewa dolomaiti, madini ya jamii ya chokaa, ya kupunguza uchachu. Naipendea ukubwa wake, ambao umepangwa kwa milimita na kuandikwa wazi: 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12, 12 hadi 18, na 18 hadi 25. Phalaenopsis iliyokomaa ipe 9 hadi 12, au 12 hadi 18 kama nyumba yako ina unyevu mwingi. Miche na okidi aina ya Paphiopedilum zinataka vipande vidogo zaidi, na zile za Cattleya vikubwa zaidi. Vipande vyake ni vigumu, kingo zake hazikatiki ovyo, na hudumu kuliko magome mengi ya kawaida, ambayo huanza kulainika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Bei iko juu, hasa ukinunua kimfuko kilichogawanywa na muuzaji. Shirikianeni watu kadhaa mnunue gunia moja, mgawane.

Ukikosa hiyo, chukua magome mengine ya msonobari, mradi uyachekeche mwenyewe. Tumia chekeche lenye matundu ya takriban milimita 5, nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimezibwa, kwa sababu lile vumbi si la kuvuta. Kisha yaoshe mpaka maji yaache kuwa na unga, uyaloweke usiku kucha. Gome kavu hukataa maji. Usipoliloweka, mwezi wa kwanza maji yatapita tu bila kushika.

Ya tatu ni sfagnamu, kimmea laini cha kinamasi kilichokaushwa. Ni nzuri kwa okidi iliyopoteza mizizi na kwa mtu anayesahau kumwagilia, maana hushika maji karibu mara 20 ya uzito wake mkavu. Tafuta ya nyuzi ndefu. Ikiwa imekatikakatika, hizo nazo ni chenga. Usiishindilie. Na kagua okidi yoyote uliyotoka kuinunua, kwa sababu wakulima wengi hukuzia mche ndani ya donge la sfagnamu, halafu huuzwa nalo likiwa limefichwa chini ya shina, katikati ya magome safi. Donge hilo huchelewa kukauka na huozesha mizizi kuanzia ndani. Litoe maua yakishaisha.

Vipande vya makumbi ya nazi ni vya nne. Vinadumu, lakini huja na chumvi ya sodiamu na potasiamu, hivyo viloweke na kubadilisha maji mara kadhaa. Unga wa usumba wenyewe usiuguse kwa okidi za miti, huo ni chenga tupu.

Kokoto za udongo wa kuchomwa haziozi kabisa. Hata hivyo chumvi za mbolea hujijenga juu yake kama hujazisuuza kwa maji mengi mara kwa mara. Perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno uliochomwa, na mkaa ni vya kuchanganyia tu. Perlaiti inyunyizie maji kwanza isirushe vumbi.

Ile mifuko ya bei rahisi ya mchanganyiko ulio tayari, mweusi, wenye vijiti vitatu vya gome, iacheni.

Dukani fanya hivi. Inua mfuko, utikise, uugeuze kuelekea kwenye mwanga uangalie kona za chini. Ukiona tabaka la unga, rudisha. Kama mfuko hauonyeshi kilichomo, muulize muuzaji vipande vina milimita ngapi. Wengi watakujibu "ni vya okidi". Hilo si jibu. Anayeuza misumari anajua urefu wake, na wa magome ajue ukubwa wake pia, maana pesa anayopokea ni kamili. Hasa akuonyeshe mfuko mmoja uliofunguliwa, uingize mkono mpaka chini. Akikataa, nenda kwingine.